Mipigo ya Kupewa: Handikapu ya Gofu, kutoka Edinburgh hadi Diani

Msimu wa wageni ukifika, katika uwanja wa gofu wa Leisure Lodge kule Diani, pwani ya kusini ya Kenya, hupangwa pamoja watu wanne wasiojuana. Tuseme mmoja ni mstaafu kutoka Ujerumani, wa pili mfanyabiashara wa Nairobi aliyeshuka kwa treni hadi Miritini, wa tatu daktari wa Mombasa, na wa nne mwalimu wa Ukunda ambaye bado anajifunza. Mmoja atamaliza mashimo 18 kwa mipigo 78, mwingine kwa 110. Jioni matokeo yakisomwa, huenda yule wa 110 akatangazwa mshindi, na wenzake wakampigia makofi kwa moyo mweupe.

Kinachowezesha jambo hilo ni handikapu, yaani idadi ya mipigo ambayo mchezaji hupewa kulingana na uwezo wake, kisha ikatolewa katika jumla ya mipigo aliyopiga. Aliyepiga 110 akiwa na handikapu ya 36 anabaki na 74. Aliyepiga 78 akiwa na handikapu ya 3 anabaki na 75. Sijui mchezo mwingine uliojishughulisha kwa muda mrefu hivyo, tena kwa uangalifu hivyo, na swali la jinsi dhaifu na hodari watakavyoshindana kwa haki. Ila haki hiyo ina mlango, na mlango huo haukufunguliwa kwa watu wote kwa wakati mmoja. Historia ya handikapu ni historia ya hesabu na pia ya mlango.

1687: Mwanafunzi wa udaktari na shajara yake

Kumbukumbu ya zamani zaidi inayojulikana kuhusu jambo hili inatoka Scotland. Mwaka 1687 Thomas Kincaid, mwanafunzi wa udaktari wa Edinburgh, aliandika katika shajara yake fikira zake juu ya gofu. Swali lililomsumbua lilikuwa la watu wanaocheza kwa pesa: ukikutana na mtu uliyemzidi, ni heri umpe mashimo kadhaa na dau liwe sawa, au mcheze sawa kwa sawa lakini wewe uweke dau kubwa kuliko lake?

Wakati huo hapakuwa na kanuni wala kamati. Wachezaji wawili walikubaliana papo hapo kabla ya mpira wa kwanza kupigwa. Ni vile vile wavulana wa kijiji cha Gazi wanapocheza kandanda mchangani maji yakitoka: wakubwa wakipambana na wadogo, wadogo huanza na mabao mawili mkononi. Makubaliano hayo yalitosha kwa sababu watu walijuana. Kila mmoja alijua fulani ni hodari kiasi gani, na aliyedanganya kesho angejulikana.

Kwa karibu miaka mia mbili mambo yalibaki hivyo. Klabu za Scotland zilikuwa na majina ya viwango vya kupeana: mpigo mmoja kila shimo, au mmoja kila mashimo mawili, au matatu. Majina hayo yalikuwa lugha ya watu wa mji mmoja na uwanja mmoja.

Wanawake watangulia, 1893

Mwishoni mwa karne ya 19 gofu ilisambaa Uingereza nzima. Reli iliwapeleka watu kwenye viwanja vya pwani walikokuwa wageni, na hapo makubaliano ya mdomo yakashindwa. Klabu nyingi za wanaume zikabuni njia rahisi: chukua matokeo bora matatu ya mchezaji kwa mwaka, tafuta wastani wake, toa idadi ya mipigo ambayo mchezaji hodari wa uwanja huo angepiga. Kinachobaki ndicho handikapu. Kasoro yake ilikuwa kwamba kila klabu ilijipimia yenyewe. Mwenye handikapu ya 8 kwenye uwanja mwepesi alikuwa mchezaji tofauti kabisa na mwenye 8 kwenye uwanja mgumu, na wakikutana, yule wa uwanja mwepesi aliumia.

Wa kwanza kulitatua hili kwa nchi nzima walikuwa wanawake. Ladies' Golf Union ilianzishwa mwaka 1893, na katibu wake Issette Pearson akashika kazi ambayo wanaume walikuwa wakiiahirisha: kupima viwanja vyote kwa kipimo kimoja kinachotoka kwa chama, badala ya kila klabu kujisifu au kujidunisha. Katika muda wa miaka michache tu chama hicho kilikuwa na mfumo unaofanya kazi. Wanaume wa Uingereza walisubiri hadi katikati ya miaka ya 1920 ndipo vyama vyao vikaketi pamoja na kukubaliana juu ya kipimo cha pamoja cha viwanja. Jambo hili halipewi uzito unaostahili katika simulizi za gofu, na mimi nalipa uzito huo hapa: msingi wa handikapu ya leo uliwekwa na chama cha wanawake, katika enzi ambayo klabu nyingi ziliwaona wanawake kama wageni wa kuvumiliwa.

Marekani nako Leighton Calkins wa New Jersey aliandaa hesabu iliyofuata ileile ya wastani wa matokeo bora matatu, na mwaka 1911 chama cha gofu cha nchi hiyo, USGA, kikaichukua baada ya kuongeza jambo moja. Kila uwanja ungepimwa kwa kukisia mipigo ambayo Jerome Travers, bingwa wa wakati huo, angeipiga pale. Mtu mmoja aligeuzwa kuwa rula ya nchi nzima.

1911: Mashimo tisa juu ya mwamba wa Mombasa

Mwaka huohuo wa 1911 ndipo ilipoanzishwa Mombasa Golf Club, kwenye mwamba wa matumbawe unaotazama mlango wa bahari. Nairobi ilikuwa na klabu yake tangu 1906. Uwanja wa Mombasa ni wa mashimo tisa, na mchezaji anayetaka 18 huuzunguka mara mbili. Ukisimama pale unaiona Likoni ng'ambo ya maji, na nyuma yake nchi ya Wadigo ikinyooka kuelekea Tiwi, Diani na Msambweni.

Gofu ya kikoloni ilikuja na handikapu ndani ya sanduku lake. Maafisa na wafanyabiashara wa Kizungu walikuwa na kadi, vitabu vya matokeo, na namba zilizobandikwa ukutani. Waafrika waliingia uwanjani kwa kazi: kufyeka nyasi, kutafuta mipira, kubeba mikoba. Hao wabebaji, makedi, walijifunza mchezo kwa kutazama na kujaribu. Lakini hesabu ya handikapu huanza na kadi iliyoandikwa na kutiwa sahihi, na kadi ni ya mwanachama. Kedi aliyeweza kumshinda bwana wake alibaki nje ya kitabu. Kwa mujibu wa karatasi, hakuwa na uwezo wowote.

Baada ya uhuru mwaka 1963 ubaguzi wa rangi ulianza kuondoka katika klabu hizi, na kina cha kipaji kilichokuwa kimefichwa kikaonekana. Mashindano ya Kenya Open yalianza mwaka 1967, na miongo iliyofuata ilitoa wachezaji wa kulipwa waliokulia katika kazi ya ukedi. Dismas Indiza wa Mumias ni mmoja wao.

1932: Daktari Stableford na upepo

Kuna tawi moja la hadithi hii linalowahusu sana watu wa pwani. Katika kuhesabu mipigo yote, shimo moja baya huua siku nzima. Ukipiga 11 kwenye shimo la pili, unabeba mzigo huo hadi la 18, na wengi hukata tamaa wakachana kadi. Frank Stableford, daktari Mwingereza aliyekuwa mwanachama wa klabu ya Wallasey karibu na Liverpool, alicheza kwenye uwanja unaopigwa na upepo wa bahari. Aliona wachezaji wa kawaida wakiangamia mapema, akatengeneza njia ya alama. Mashindano ya kwanza kwa njia hiyo yalifanyika Wallasey mwezi Mei 1932.

Kila shimo lina mipigo inayotarajiwa kwa mchezaji hodari, iitwayo pa. Kwa njia ya Stableford, ukishaondoa mipigo unayopewa kwenye shimo hilo, ukiifikia pa unapata alama 2. Ukiizidi kwa mpigo mmoja, alama 1. Ukiizidi kwa miwili au zaidi, huna alama, basi okota mpira usonge mbele. Ukipiga pungufu ya pa, alama zinapanda: 3, 4 na kuendelea. Anayecheza sawasawa na handikapu yake hukusanya 36. Ndiyo maana wacheza gofu wa Kenya wakisimuliana juu ya Jumamosi yao husikii mipigo. Unasikia alama.

Diani yafunguliwa

Ufuo wa Diani ulikuwa msitu wa mwambani, mashamba ya minazi na vijiji vya wavuvi. Kaya za Wadigo, yaani misitu yao mitakatifu, kama Kaya Kinondo, zingali zimesimama karibu, na mwaka 2008 misitu ya kaya za Mijikenda, Wadigo wakiwemo, iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hoteli kubwa zilianza kujipanga miaka ya 1970, barabara ya lami ikafuata nyuma ya ufuo, na ndege za watalii kutoka Ujerumani, Uswisi na Uingereza zikashusha abiria Mombasa kila juma. Pamoja na ajira, yakazaliwa malalamiko ya ardhi ambayo hayajaisha hadi leo: mwenyeji wa jana akageuka mpitaji katika ardhi ya babu yake.

Mtalii wa miaka hiyo alitaka jua na maji tu. Kufikia miaka ya 1990 ushindani ulikuwa mkali, na hoteli zilihitaji mgeni wa kukaa siku nyingi na kutumia zaidi. Mcheza gofu ni mgeni wa aina hiyo. Ndivyo Diani ilivyopata uwanja kamili wa mashimo 18 wa Leisure Lodge, takriban miaka 80 baada ya gofu kufika ng'ambo ya Likoni.

Uwanja huo haukupata raha ya kukua polepole. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, watu wakauawa, maelfu wakahama makwao. Hoteli za pwani ya kusini zilibaki tupu. Tangu hapo utalii wa Kwale, kaunti iliko Diani, umekwenda kama bahari, bamvua na maji mafu, na gofu pamoja nao.

Uwanja wa hoteli hauna jamii iliyofungwa kama klabu ya zamani. Wanaocheza leo kesho wako Zurich. Njia ya Kincaid ya kupatana kwa kuwa tunajuana haina nafasi hapa kabisa. Diani ilihitaji handikapu inayosafiri.

Namba 113

Handikapu hiyo inayosafiri ilikuwa tayari inatengenezwa. Tatizo lililobaki lilikuwa hili: uwanja mgumu haumtesi kila mtu kwa kiwango kimoja. Weka msitu mzito kandokando ya njia ya mpira. Bingwa anapiga moja kwa moja, msitu haumhusu. Mchezaji wa kawaida anapoteza mipira minne. Kumwongezea kila mmoja mipigo miwili hakutendi haki.

Dean Knuth, ofisa wa jeshi la majini la Marekani aliyelichunguza tatizo hili tangu miaka ya 1970, alipendekeza kila uwanja upewe namba mbili. Ya kwanza, kadirio la uwanja, inaonyesha mipigo ambayo mchezaji mwenye handikapu ya sifuri anatarajiwa kupiga. Ya pili inaitwa slopu, na inaonyesha ugumu unavyoongezeka kwa mchezaji wa kawaida akilinganishwa na huyo hodari. Slopu huanzia 55 hadi 155, na ya uwanja wa ugumu wa kawaida ni 113. USGA ilianza kuieneza nchini mwake mwaka 1987.

Wapimaji wa viwanja hutembea na kuandika: urefu, mabonde, mashimo ya mchanga, miti, maji, ukubwa wa grini (nyasi fupi zinazozunguka shimo), upepo. Hata mwinuko kutoka usawa wa bahari unahesabiwa. Mfanyabiashara wetu wa Nairobi anajua sababu. Kwao, zaidi ya mita 1,600 juu, hewa ni nyepesi na mpira unasafiri mbali. Akishuka Diani, fimbo ileile inampa umbali mdogo zaidi, na kusi ikivuma usoni ni mdogo zaidi tena. Kipimo kizuri kinalijua hilo kabla yeye hajalalamika.

2020: Mifumo sita kuwa mmoja

Hadi miaka michache iliyopita dunia ilikuwa na mifumo sita mikubwa ya handikapu: wa Marekani, wa Uingereza na Ireland, wa bara la Ulaya, wa Australia, wa Afrika Kusini na wa Argentina. Mjerumani na Mwingereza waliokutana Diani walibeba namba zilizopatikana kwa njia tofauti. Januari 2020 USGA na R&A, chombo cha gofu chenye makao St Andrews, Scotland, zilizindua mfumo mmoja wa dunia, na Kenya imo ndani yake.

Miezi miwili baadaye, Machi 13, Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona. Anga likafungwa. Namba iliyoundwa kwa ajili ya wasafiri ilizinduliwa mwaka ambao wasafiri hawakuwapo.

Hesabu yenyewe ni hii, kwa uwanja wa mfano wenye pa ya 72, kadirio la 71.4 na slopu ya 126.

Mchezaji amepiga 94. Kwanza kadi inasafishwa: hakuna shimo linaloruhusiwa kuzidi pa kwa zaidi ya mipigo miwili, ukiongeza mipigo anayopewa hapo. Kwenye shimo la pa 4 anakopewa mpigo mmoja, kikomo ni 7 hata kama alipiga 10, ili shimo moja la balaa lisipotoshe picha ya uwezo wake. Tuseme 94 ni jumla iliyokwisha kusafishwa. Toa 71.4, inabaki 22.6. Zidisha kwa 113, gawanya kwa 126: unapata 20.3. Hiyo ndiyo tofauti ya siku hiyo. Ikiwa hali ya hewa iliwatesa wote, mfumo unalinganisha matokeo ya siku na matarajio na unaweza kurekebisha kidogo.

Anayeanza anahitaji kadi za mashimo 54, kwa mfano raundi tatu za mashimo 18. Tofauti zake zikiwa 27.1, 24.6 na 29.0, huchukuliwa ndogo kuliko zote, ikapunguzwa 2: namba yake ya kwanza, fahirisi, ni 22.6. Akiendelea kucheza, hufika raundi 20, na hapo fahirisi inakuwa wastani wa tofauti 8 bora kati ya 20 za mwisho. Mpya ikiingia, ya zamani inatoka. Kwa kuwa hupimwa siku zake njema, mchezaji kwa kawaida hafikii fahirisi yake kila anapotoka, na asishangae. Kikomo cha juu ni 54 kwa wote, wanaume na wanawake.

Fahirisi hiyo ndiyo anayosafiri nayo. Akifika uwanjani anaizidisha kwa slopu ya pale, anagawanya kwa 113, kisha anaongeza kadirio la uwanja baada ya kutoa pa katika kadirio hilo. Mwenye fahirisi ya 18.5 katika uwanja wetu wa mfano anapata 20. Kwenye uwanja mwepesi wa slopu 105, kadirio 68 na pa 70, mtu huyohuyo anapewa 15 tu. Wengi huliona hili kama kunyang'anywa. Si hivyo. Uwanja wenyewe umekwisha mpa mitano iliyobaki.

Wapo wanaopenda kuficha uwezo, wakipiga vibaya makusudi ili waje kushinda siku ya zawadi. Mfumo una kinga: fahirisi ikipanda zaidi ya 3 juu ya ile ya chini kabisa ya mwaka, ongezeko linalozidi hapo linapunguzwa nusu, na fahirisi haiwezi kupanda zaidi ya 5. Anayecheza ghafla vizuri kupita kiasi, kwa tofauti ya 7 au zaidi chini ya fahirisi yake, hukatwa zaidi. Lakini kinga kubwa ni sahihi ya mwenzako kwenye kadi.

Wasio na namba

Sharti moja halijabadilika tangu enzi za mwamba wa Mombasa. Ili upate fahirisi lazima uwe mwanachama wa klabu inayotambuliwa na chama cha gofu cha nchi. Kijana wa Ukunda anayebeba mikoba Diani anaweza kusoma mteremko wa grini kuliko mgeni yeyote, akamwambia mgeni achukue fimbo ipi kusi ikivuma, na bado asiwe na raundi hata moja iliyoandikwa kwa jina lake. Wengine, kwa bidii zao na kwa msaada wa wenyeji wenye moyo, wamevuka. Ni wachache.

Marekebisho ya mfumo ya Januari 2024 yanagusa hapa. Raundi ya mashimo tisa sasa inapata tofauti yake mara moja kwa kukadiriwa mashimo tisa mengine, badala ya kusubiri raundi nyingine ya kuunganishwa nayo. Anayetoka kazini saa kumi jioni anaweza kucheza na kuandika kadi kabla ya magharibi. La pili naliona kubwa zaidi. Viwanja vifupi vyenye mashimo ya pa 3 pekee vinaweza kupimwa na kupewa kadirio, na urefu wa chini kwa mashimo tisa umeshushwa hadi yadi 750, yaani karibu mita 686.

Mita 686 ni mashimo tisa ya wastani wa mita 76. Hazihitaji hoteli. Kipande cha ardhi ya umma Msambweni au Ukunda, nyasi zinazofyekwa, wapimaji wa chama cha taifa, na klabu ya vijana iliyosajiliwa yenye ada ambayo mzazi mvuvi anaiweza. Kaunti ya Kwale imejenga shule nyingi za chekechea tangu ugatuzi wa 2013, na uwanja wa namna hii ni kazi ndogo kuliko hiyo. Watoto watakaoanza hapo wataandika kadi zao tatu za kwanza na kupata fahirisi, hata ikiwa 54. Siku watakayovuka barabara kuingia uwanja mkubwa wa Diani kucheza na mstaafu wa Ujerumani, watapewa mipigo yao kwa kanuni ileile inayompa yeye.